KATA UMEME KWANZA, NDIPO UMSHIKE MWENZAKO

Mara hii tunazungumza juu ya umeme na moto. Tunaanza na swali moja: ukimwona mwenzako amekamatwa na umeme, utafanya nini kwanza?

Wengi hujibu: «Nitakimbia nimvute.» Moyo ni mzuri, lakini jibu ni baya. Ukimshika kwa mkono mtupu, umeme utapita kwake na kuingia kwako. Badala ya mgonjwa mmoja, dispansere itapokea wawili.

UMEME UNAKAMATA NAMNA GANI?

Umeme hutafuta njia ya kwenda katika udongo. Mwili wa mtu una maji na chumvi, kwa hiyo ni njia nzuri. Ngozi kavu huuzuia kidogo, lakini ngozi yenye jasho au maji huupitisha upesi. Mtu aliye shimoni, miguu katika matope na mikono imelowa, ameufungulia mlango.

Angalieni hesabu hii. Taa ya wati 60 kwenye volti 220 huvuta karibu miliampere 270. Lakini miliampere 10 hadi 20 tu zikipita mkononi, misuli hujikaza na vidole hufunga juu ya waya. Mtu anataka kuachilia, hawezi. Umeme ukizidi na kupita kifuani, moyo hutetemeka badala ya kupiga, na damu husimama. Basi usiseme: «Ni waya wa taa tu.»

Hapa Wamaza, na penginepo katika Kabambare na Kasongo, umeme mwingi tunaotumia hutoka kwa paneli za jua au kwa ile mashine tunayoita grupu. Usidharau grupu kwa kuwa ni ndogo. Nyingi hutoa volti 220, sawa na umeme wa mjini. Na waya wake ndio huo unaolazwa juu ya matope mpaka kwenye pampu.

Maji na umeme vikikutana, hatari inakuwa kubwa. Tarehe 2 Februari 2022, mjini Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaanguka penye soko la Matadi-Kibala. Mvua ilikuwa imenyesha na mtaro umejaa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wa sokoni. Kwa hiyo, ukiona waya umelala katika maji, hesabu kwamba maji yale nayo yana umeme.

MWENZAKO AKIKAMATWA, FANYA HIVI

1. Zima umeme. Zima grupu, au shusha swichi kubwa, au chomoa waya mahali pakavu. Huku piga kelele watu waje.

2. Kama huwezi kuzima, na ni umeme wa volti 220, simama juu ya ubao mkavu, kisha usukume waya kwa fimbo kavu ya mti. Usitumie chuma, wala mti mbichi, wala kitu kilicholowa.

3. Kama ni waya mkubwa wa nguzo, usikaribie hata kwa fimbo. Kaa mbali, mita 10 au zaidi, uwazuie wengine, umwite fundi wa umeme. Kama umejikuta karibu nao, toka kwa hatua ndogo sana za kuburuta, miguu pamoja.

4. Umeme ukiisha kukatwa, mwite mgonjwa. Kama haitiki wala hapumui vizuri, mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa atatoa pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Asiyefundishwa abonyeze tu bila kuacha. Ukichoka, mwenzako akupokee.

5. Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, mafuta, chumvi na udongo havisaidii kitu, vinachafua kidonda.

6. Mlete dispansere hata kama anatembea na kucheka. Umeme huacha alama ndogo juu ya ngozi, lakini ndani nyama inaweza kuwa imeungua, na moyo unaweza kusumbuka baadaye. Akikojoa mkojo mweusi kama chai kali, mambo ni mazito: asikae nyumbani hata usiku mmoja.

MOTO WA UMEME

Waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa hupata joto. Mahali ulipoungwa kwa kuzungushiwa mfuko wa plastiki hutoa cheche. Hapo ndipo moto huzaliwa. Sheria ni ile ile: kata umeme kwanza. Usimwage maji juu ya umeme, wala juu ya mafuta yanayowaka. Tumia mchanga mkavu au kizima-moto cha unga.

Wachimbaji wa nchi nyingine walijifunza hayo kwa machozi. Tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa makaa wa Bois du Cazier, kule Marcinelle, Ubelgiji, kigari kilitokeza nje ya lifti ya shimo. Lifti ilipopanda, kikapasua bomba la mafuta na kukata nyaya za umeme, moto ukawaka. Watu 262 walikufa, wengi kwa moshi, wala si kwa ndimi za moto. Basi nyaya zisipite pamoja na mafuta. Ukikutwa na moshi, inama chini na utoke, usirudi kuchukua chombo. Grupu na pampu ya esanse nazo zikae nje, mbali na mdomo wa shimo na dirisha la nyumba, maana moshi wake huua bila kelele.

Na esanse? Kumbukeni Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Usijaze grupu ikiwa inanguruma au ina joto. Usiweke bidoni ya esanse jikoni wala chini ya kitanda. Nguo ikishika moto, usikimbie: lala chini ujiviringishe.

KAZI YA LEO

Kesho kabla ya kuanza kazi, muulize kapita: «Umeme wetu unazimwa wapi?» Nenda uone kwa macho, ushike swichi kwa mkono, ili uijue hata gizani. Na leo jioni nyumbani, mwonyeshe mama na watoto wakubwa pa kuzima grupu. Kama jambo litatokea usipokuwepo, ni wao watakaokimbia. Wajue pa kukimbilia: swichi kwanza, mgonjwa baadaye.