Siha ya Moyo na Mapafu: Jipime Kwanza, Lipa Baadaye

Mtu anayeishiwa pumzi akipanda ngazi za ghorofa tatu hushauriwa mengi sokoni: anunue saa ya kupima mapigo ya moyo, alipie ukumbi wa mazoezi kwa mwaka mzima, anywe unga wa kuongeza nguvu. Kabla ya kutoa fedha kwa lolote kati ya hayo, mlaji anapaswa kufahamu mambo matatu: ni kitu gani kilichopungua mwilini, kinapimwaje na kinaongezwaje. Mtu mwenye afya njema anaweza kujipima na kufanya mazoezi kwa gharama ndogo mno, na anayelifahamu jambo hili si rahisi kupotoshwa.

Kinachopimwa ni nini?

Misuli inayofanya kazi kwa muda mrefu huhitaji oksijeni ili kugeuza sukari na mafuta kuwa nguvu. Mapafu huiingiza oksijeni hiyo, moyo husukuma damu inayoibeba, na misuli huipokea na kuitumia. Uwezo wa viungo hivi kufanya kazi kwa pamoja ndio siha ya moyo na mapafu, ambayo wengi huiita pumzi au stamina.

Kipimo chake rasmi ni kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia katika dakika moja, kikihesabiwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Saa za kidijiti hukionyesha kwa alama ya VO2 max. Maabara hukipima kwa kumkimbiza mtu juu ya mashine, akiwa amevaa barakoa inayochunguza hewa anayovuta na kutoa, hadi ashindwe kuendelea. Wanariadha hunufaika na kipimo hicho. Mtu wa kawaida anaweza kutumia njia nyepesi zifuatazo.

Vipimo vitatu visivyo na gharama

*Mapigo ya moyo wakati wa mapumziko.* Asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika moja. Kwa mtu mzima, mapigo 60 hadi 100 huhesabiwa kuwa ya kawaida. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo mapigo ya mapumziko hupungua kadiri siha inavyoongezeka.

*Kutembea mita 1,600.* Tembea kwa haraka uwezavyo bila kukimbia. Andika muda uliotumia na mapigo yako mara tu unapomaliza. Kipimo hiki kinawafaa wanaoanza mazoezi na watu wenye umri mkubwa.

*Dakika 12 za kukimbia.* Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani. Kimbia, au changanya kukimbia na kutembea, kwa dakika 12 kamili, kisha pima umbali uliofika. Toa 504.9 katika idadi ya mita, na ugawanye jibu kwa 44.73. Aliyefika mita 2,000 hupata takriban 33. Aliyefika mita 2,400 hupata takriban 42. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mzunguko wa mita 346. Viwanja vingi vya shule ni vidogo kuliko huo, hivyo uwanja upimwe kwanza. Kipimo hiki ni kizito, na hakimfai mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu.

Namba moja peke yake haina uzito mkubwa. Yenye maana ni tofauti kati ya namba ya leo na ile utakayoipata baada ya wiki 8 hadi 12, mahali pale pale na saa ile ile. Joto huongeza mapigo ya moyo. Anayejipima asubuhi mwezi huu na mchana mwezi ujao atakuwa amelinganisha hali ya hewa, si siha yake.

Namna ya kuiongeza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Ukali wa zoezi unaweza kupimwa kwa mazungumzo. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, zoezi ni la kadiri. Ukishindwa kutamka zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, zoezi ni kali.

Anayeanza na atembee haraka kwa dakika 20, siku nne kwa wiki, kwa wiki mbili. Kisha aongeze taratibu hadi kufikia dakika 30 kwa siku tano, ambazo ni sawa na dakika 150. Kuanzia wiki ya tano, siku moja kati ya hizo anaweza kukimbia polepole kwa dakika moja na kutembea kwa dakika mbili, akirudia mara sita hadi nane. Muda na kasi visiongezwe kwa wakati mmoja. Baiskeli, kuogelea na kuruka kamba huleta faida ya namna hiyo hiyo. Anayeacha mazoezi kabisa huanza kupoteza alichopata ndani ya wiki chache.

Wakati wa kwenda hospitali kwanza

Kuishiwa pumzi si lazima kutokane na ukosefu wa mazoezi. Kunaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, pumu au ugonjwa wa moyo, hasa kukianza ghafla au kukiambatana na kuvimba miguu. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, pamoja na mjamzito, apate ushauri wa daktari kabla ya kuanza. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza mapigo ya moyo, hivyo anayezitumia asitegemee hesabu za mapigo. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi, acha mara moja na utafute matibabu.

Kabla ya kulipa

*Saa za kidijiti.* Namba ya VO2 max inayoonyeshwa na saa ni makadirio. Mapigo yenyewe yanaweza kusomwa vibaya endapo saa imelegea mkononi.

*Kumbi za mazoezi.* Omba kulipia mwezi mmoja kabla ya mwaka. Uliza sifa za mkufunzi, na soma masharti ya kurejeshewa fedha kabla ya kutia sahihi. Kanuni ya kutoa umri katika 220 ili kupata mapigo ya juu kabisa ya moyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Mkufunzi asikulazimishe kuifikia.

*Mikanda ya kutoa jasho.* Uzito unaopungua kwa jasho ni maji, nao hurudi mara unapokunywa. Mkanda hauzoezi moyo.

*Unga na vidonge.* Hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya mazoezi yenyewe. Muuzaji anayeahidi stamina kwa siku saba aombwe kuiandika ahadi hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Dai risiti, hifadhi tangazo lililokushawishi, na uyawasilishe yote mawili unapolalamika. Vilevile tunza daftari la tarehe, mapigo, muda na umbali. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litakuonyesha kama ulicholipia kimekusaidia.