Chukudu ya Goma: Kutoka Ubao Mtupu Hadi Barabarani
Sehemu ya pili: magurudumu, usukani na breki

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mwili wa chukudu, chombo chetu cha mbao chenye magurudumu mawili. Mti umeangushwa, umepasuliwa na kuchongwa kwa tezo, na sasa mbele ya fundi imelala boriti nzito inayokaribia urefu wa mita mbili. Upande wa mbele umeinuka kupokea nguzo ya usukani. Nyuma umechimbwa nafasi ya kuingiza gurudumu. Ukiuona ukiwa umeegemezwa ukutani huwezi kujua kwamba wiki ijayo utabeba magunia ya viazi. Leo tunauvisha.

Kabla ya gurudumu, tuitazame barabara, kwa kuwa ndiyo iliyoamua umbo la chombo hiki. Goma imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kibumba, inakotoka sehemu kubwa ya viazi na kabichi tunazokula mjini, iko kaskazini, juu zaidi kwa mamia ya mita, ukifuata barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Kwa hiyo mzigo mzito unashuka, na chombo kinachorudi juu mara nyingi ni kitupu au kimebeba kidogo. Hesabu hiyo moja inaeleza kwa nini chukudu haina pedeli, haina mnyororo wala gia. Mteremko ndio injini yake. Penye tambarare mwendeshaji hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Penye mlima hushuka, akainamisha mgongo, na akipata wa kumsaidia nyuma hushukuru. Mnyororo ungemsaidia nini mtu mwenye kilo mia tatu juu ya mawe ya volkano? Ungekatika siku ya kwanza.

Sasa magurudumu. Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana.

Mtu asiyejua kazi hii hudhani gurudumu la mbao ni kipande cha gogo kilichokatwa kama pande la muhogo. Kipande hicho ni cha mviringo tayari, basi kwa nini ujitaabishe? Taabu huonekana baadaye. Mti unapokauka hausinyai sawasawa pande zote. Ukifuata pete za ukuaji wake husinyaa takriban mara mbili kuliko ukifuata mstari wa kutoka kiini hadi gome. Pande zima la gogo halina njia ya kuituliza tofauti hiyo ila kupasuka, na ufa huanzia nje ukaelekea katikati, pale pale inapokaa ekseli. Ndiyo maana ni salama zaidi kuchukua ubao mnene uliokwisha kukauka, kupiga msumari katikati, kuzungusha kamba na kuchora duara, kisha kukata pembe kwa panga na kumalizia taratibu kwa tezo.

Gurudumu la ubao nalo lina tabia yake. Katika mzingo wake, sehemu mbili zinaonyesha vichwa vya nyuzi za mti, na sehemu mbili nyingine zinaonyesha ubavu. Vichwa vya nyuzi huvumilia msuguano; ubavu hubanduka vijibanzi. Likitembea tupu juu ya lava, gurudumu huliwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na baada ya muda huanza kurukaruka. Dawa yake ni tairi kuukuu la gari. Hukatwa ukanda wenye upana wa gurudumu, ukavutwa kwa nguvu na kupigiliwa misumari, na vichwa vya misumari vikazamishwa ndani ya mpira visiguse barabara. Ukanda ukilegea hata kidogo, misumari hung'oka kwenye kona ya kwanza. Ukikaza sawasawa, mpira unafanya kazi mbili kwa mara moja: unalinda mbao na unapunguza makofi ya mawe.

Niuseme na huu ukweli wakati mpira uko mkononi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, na baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani. Mahitaji ya mpira yakapanda. Wakati huo nchi yetu ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908, na watu wa misitu ya Kongo walilazimishwa kukusanya utomvu kwa viboko, kwa kutekwa wake na watoto wao, na kwa kukatwa mikono. Historia ya baiskeli husimuliwa mara nyingi bila Kongo. Bila Kongo haijakamilika.

Katikati ya gurudumu huingia beringi iliyotolewa kwenye gari bovu. Tundu lake hutobolewa dogo kidogo kuliko beringi yenyewe, ili iingie kwa nyundo na isitoke. Chukudu isiyo na beringi huzungusha mbao juu ya ekseli kwa msaada wa grisi au mafuta machafu ya injini. Inatembea, lakini huitambua kwa kilio chake kabla hujaiona, na humchosha mwenyewe mara mbili. Katika matumizi yote ya pesa, hapa sipo pa kubana.

Usukani ni nguzo inayopita mbele ya boriti, chini ikiwa na uma wa kushika gurudumu, juu ikiwa na mti mrefu wa mpini uliopinda kama ulivyoota. Mpini mrefu si pambo. Unampa mwendeshaji nguvu ya kugeuza gurudumu lililolemewa na gunia zima. Nguzo nayo haisimami wima: inalala nyuma kidogo, ili gurudumu liguse ardhi nyuma ya mahali ambapo mstari wa nguzo ungegusa. Kwa mlalo huo gurudumu hujinyoosha lenyewe kila linapogonga jiwe. Wengine huongeza springi hapo mbele, na mwenye viwiko hujua tofauti.

Kuhusu breki siwezi kupita haraka. Ni kipande cha tairi kilichoning'inizwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga, mpira ukasuguana na mpira. Inawekwa nyuma kwa sababu mzigo ukiwa unateremka, kulizuia gurudumu la mbele ni kuupindua mzigo juu ya kichwa chako. Lakini ni lazima ieleweke kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kumalizwa na breki huongezeka mara nne. Hakuna kipande cha mpira kitakachosimamisha ghafla chukudu iliyoachiwa kukimbia. Waendeshaji wazoefu hukanyaga tangu juu ya mteremko, kidogo kidogo, na hukagua kipande hicho kabla ya kufunga mzigo. Kijana anayeanza afundishwe hilo kabla ya jambo jingine lolote. Mwisho kabisa hupigiliwa kandambili ya zamani juu ya ubao, mahali pa kuweka goti, na chombo kiko tayari.

Wapo wanaoiona chukudu kama aibu ya mji, dalili kwamba tumebaki nyuma. Nawapinga kwa moyo wote. Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl Drais aliendesha chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedeli, akisukuma ardhi kwa miguu. Ulaya inakiheshimu kama babu wa baiskeli zote. Babu huyo alibeba mtu mmoja. Chukudu, iliyoenea Kivu katika miaka migumu ya utawala wa Mobutu, imelisha mji mzima. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma hadi ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikaikata barabara ya Rutshuru. Vita navyo vimeifunga na kuifungua barabara hiyo mara nyingi. Njia ikipatikana tu, chukudu huwa barabarani. Mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na umefanya vyema.

Sanamu peke yake haimfundishi mtu kutoboa tundu la beringi. Maarifa haya yamo mikononi mwa mafundi, na fundi akihama au akifa huondoka nayo. Nawaomba walimu wa shule za ufundi za Goma wawapeleke wanafunzi wao kwa maseremala wa chukudu, wapime, wachore, waandike vipimo vya mlalo wa nguzo na unene wa gurudumu. Na wenye mashamba Masisi na Rutshuru wapande miti ya kazi hii, wasiachie msitu wa Virunga kubeba mzigo huo. Wiki ijayo tutazungumzia namna ya kupanga magunia. Mwenye chukudu iliyopata springi mbele au breki bora kuliko niliyoieleza hapa, atuletee vipimo vyake tuvichapishe.