Yerusalemu, galeri yenye ilitobolewa na imani

Bandugu wa mugodi, kila mumoja wetu anajua mutu wa parokia ao wa kanisa ingine mwenye alisafiri Yerusalemu. Wanarudia na chupa ya maji ya Yordani, shapele ya muti wa muzeituni, na mapicha mingi mu telefone. Wanatuelezea Betlehemu, Golgota, bahari ya Galilaya. Ni muzuri. Lakini kuko fasi moja yenye mufanyakazi wa chini ya udongo anapashwa kujua: njia ya maji ya mufalme Hezekia.

Biblia inaitaja (2 Wafalme 20, na 2 Mambo ya Siku 32). Waashuri walikuwa wanakuja na vita. Mufalme wao Senakeribu aliingia Yuda mwaka 701 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu. Chemchemi ya Gihoni ilikuwa inje ya muji. Adui akiikamata, watu wanakufa na kiu. Njo wakatoboa galeri ndani ya jiwe, metre 533, toka Gihoni mupaka kisima cha Siloamu. Hakukuwa baruti, hakukuwa mashini. Ni chuma, mikono na mwangaza wa mafuta.

Ekipe mbili ziliingia, kila moja upande wake. Galeri haikunyooka, inapinda-pinda. Karibu na fasi walikutana, alama za vyuma zinaonyesha vile walikuwa wanageuka huku na kule, wakitafutana. Mwaka 1880 kijana mumoja aliona maandiko ku ukuta wa ile galeri. Leo jiwe lile liko mu mize ya Istanbul, juu wakati ule Waturuki njo walikuwa wanatawala Yerusalemu. Maandiko yanaeleza vile watu wa upande huu walisikia sauti ya wenzao kupitia jiwe, wakapiga mupaka chuma ikakutana na chuma, na maji ikapita. Ni mistari 6. Jina la mufalme halimo. Waliomo ni wafanyakazi.

Mwenzetu mumoja wa chini ya udongo alipita mule na kundi la kanisa lake. Unaingia na taa, maji inafika magoti, fasi zingine unainama juu ya kichwa. Wenzake waliogopa; yeye aliweka mukono ku ukuta, akagusa alama za vyuma. Anatuelezea kama tangu utoto alisikia jina la Hezekia sawa jina la mufalme tu. Pale akaelewa kama msaada wa Mungu kwa ule muji ulipitia mu jasho la watu wenye wanafanya kazi kama yake.

Mwisho wa galeri kuko Siloamu. Mu Yoane 9, Yesu alipaka kipofu udongo ku macho, akamutuma akanawe pale. Mwaka 2004, kazi ya kutengeneza bomba la maji machafu ilifunua ngazi za kisima cha wakati wa Yesu. Tuangalie vizuri: kipofu hakupona palepale. Alitembea kwanza mu giza mupaka ku maji. Sisi wenye tunashuka mu giza kila siku, ile habari inatuhusu.

Tangu arudie, mwenzetu anasali mbele ya kushuka, kama zamani. Lakini sasa, saa ya kupanda, hatoke mu galeri kama hajasikia sauti ya kila mutu wa ekipe yake. Mimi delege wa sindika ninaona ile ni tunda la safari. Imani yenye haisikie ndugu nyuma ya jiwe, ni ya mapicha tu.

Neno kwa familia: safari ile ni bei kali. Musikope kwa Banque Lambert, musikamate feza ya masomo ya watoto. Mungu hakuweka tiketi ya ndege ku mulango wa mbinguni. Mwenye hawezi kwenda, afungue Yobu sura ya 28 magaribi, asomee watoto. Inaelezea watu wenye wanachimba shimo mbali na wenzao, wanatafuta mawe mu giza. Kisha inauliza hekima inapatikana wapi. Watoto watajua kama kazi ya baba yao imo mu Biblia.