Fangasi wa Kwenye Ubongo: Kwa Nini Daktari Mmoja Hatoshi

Ukisikia fangasi, pengine unawaza miguu inayowasha. Huyu wa leo ni mwingine kabisa. Anaitwa kriptokokasi, anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, na tunamvuta puani bila kujua. Kinga ya mwili ikiwa imara, hana la kufanya. Ikishuka sana, hasa kwa mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 100, anaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Dalili ni kichwa kuuma siku nyingi, homa, kutapika, kuchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani ni malaria.

Hapo ndipo maabara inaingia. Tone la damu kwenye kijiti cha kipimo, unasubiri kama dakika 10 tu. Kipimo hiki kinaweza kumnasa fangasi wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Mwenye dalili anahitaji pia kutolewa maji ya uti wa mgongo, na hapa ndugu wengi wanagoma: "Sindano ile inaua!" Ukweli ni kwamba kinachoua mara nyingi ni presha ya maji hayo kubana ubongo. Kuyapunguza ni sehemu ya tiba. Kwa hiyo muuguzi anayekaa na familia akawaelewesha anaokoa maisha sawasawa na dawa.

Tukija kwenye dawa, tangu 2022 WHO inapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Amfoterisini inaweza kuumiza figo na kushusha potasiamu, hivyo mfamasia anapiga hesabu za dozi huku maabara ikifuatilia damu. Kama mgonjwa hajaanza ARV, anasubiri wiki 4 hadi 6, maana kinga ikirudi ghafla inaweza kuvimbisha ubongo.

Je, akirudi nyumbani? Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa 2015 ulifuata watu karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200. Waliopimwa fangasi huyu na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo walikufa 13 kati ya 100 ndani ya mwaka. Waliopata huduma ya kawaida, 18. Waliowatembelea hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo.

Kwa hiyo kama una VVU, CD4 zimeshuka au uliacha dawa, na kichwa hakiachi kuuma, usiishie kwenye panadoli. Nenda kituoni, uulizie kipimo cha kriptokokasi.