Papa wa Kericho na Ndoo ya Mvita

Aghalabu Mkipsigis wa Kericho au Bomet ashukapo pwani akasema "papa" naye akusudia "baba", wenyeji huangua kicheko. Papa kwao ni samaki. Wengine humdhania kuwa hakusoma.

Dhana hiyo si ya haki. Kikipsigis, ambacho ni tawi la Kikalenjin, hakina sauti za f, v, z wala sh. Tena hakitenganishi p na b: sauti ni moja, nzito mwanzoni mwa neno, nyepesi katikati ya irabu. Ndipo "zuri" huweza kutoka "suri", na "shamba" likawa "samba". Hiyo ni kanuni ya lugha, si uzembe wa ulimi.

Mashamba makubwa ya chai, yaliyoanza kuenea Kericho miaka ya 1920, yaliwavuta pia vibarua Waluo, Wakisii na Waluhya. Kiswahili kikawapatanisha, kila mmoja na lafudhi yake. Mjaluo naye husema "samba", maana kwao sh haipo.

Na sisi je? Mmvita amwitapo mwenziwe husema "ndoo". Mwunguja husema "njoo", na ndoo kwake ni chombo cha maji. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Je, Mmvita akawa hajui Kiswahili?

Anayechekwa kila afunguapo kinywa mwisho hunyamaza. Lugha hupungukiwa na msemaji, nasi tukapungukiwa na jirani.