Soma njia kabla ya kununua raba

Anayekimbia asubuhi kutoka vilima vya Mamboya, wilayani Kilosa, akashuka kuelekea uwandani, hukanyaga ardhi za kila namna kabla jua halijakolea. Juu kuna udongo mwekundu wenye changarawe. Kwenye makorongo kuna mchanga. Chini, upande wa Mkata, kuna udongo mweusi wa mbuga, na mbele yake lami ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Agosti njia hiyo ni ngumu kama sakafu. Aprili, masika yakiwa yamekolea, njia ileile inateleza juu na kunata chini. Kwa hiyo mtu akiniuliza "raba gani nzuri?", nami humuuliza anakimbilia wapi, na mwezi gani.

Njia kwanza

Geuza raba utazame soli. Raba ya lami ina soli iliyo karibu tambarare, kwa sababu lami kavu yenyewe hushika mguu. Raba ya vilimani ina meno, na meno hayo nayo hayafanani. Kwenye changarawe kavu yanatakiwa meno mafupi, mengi, ya mpira mgumu usiolika upesi. Kwenye tope yanatakiwa machache, yaliyoachana, ya milimita 4 hadi 6. Udongo wa mbuga hujaa katikati ya meno yaliyobanana na hautoki. Hatua ishirini tu na kila mguu umebeba tofali. Meno yakiachana, tope hudondoka lenyewe unapoinua mguu.

Mteremko nao una masharti yake. Unaposhuka, mguu husogea mbele ndani ya kiatu, vidole vikagonga ncha, na baada ya wiki chache kucha zinakuwa nyeusi. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha funga kamba vizuri kwenye matundu ya juu ili kisigino kisichezecheze.

Msimu wa mvua watu wengi huulizia raba isiyopitisha maji. Kwa mwenye kuvuka vijito, raba hiyo ni ndoo. Maji huingia kwa juu, pale mguu unapoingilia, halafu hayana pa kutokea. Kitambaa chepesi chenye matundu hulowa upesi, lakini pia hukamua maji kila unapokanyaga. Soksi za nailoni au poliesta huvumilia unyevu kuliko za pamba, ambazo zikilowa hukunjamana na kuleta malengelenge. Ukifika nyumbani toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, uanike kivulini. Usiweke raba kando ya jiko: joto hulegeza gundi, na soli ikibanduka kazi ni ya fundi viatu.

Kwenye lami jambo kubwa ni sponji ya katikati, inayopunguza kishindo. Kijana aliyemwona Alphonce Simbu akitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025 anaweza kutamani raba nene za mashindano, zenye bamba la nyuzi za kaboni ndani. Sheria za riadha za dunia huruhusu soli ya barabarani isiyozidi milimita 40, na raba nyingi za aina hiyo huukaribia ukomo huo. Zimetengenezwa kwa lami iliyonyooka. Kwenye njia ya mawe ya milima ya Ukaguru unene ule huyumba, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Kwa walio Mikumi ushauri wangu ni mfupi: kimbieni mjini na pembeni mwa mashamba. Barabara ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa, na mbele ya simba hakuna raba itakayokusaidia.

Kisha mguu

Lowesha wayo, kanyaga sakafu kavu ya saruji, kisha inua mguu utazame alama. Ikijaa karibu yote, wayo wako ni bapa. Ikibaki kisigino na vidole tu, vikiunganishwa na uzi mwembamba wa maji, upinde wako ni wa juu. Walio wengi wako katikati.

Kwa miaka mingi wauza viatu walifundisha kwamba kila alama ina raba yake. Jeshi la Marekani lililipima dai hilo kwa askari wapya: kundi moja likapewa viatu kulingana na umbo la wayo, jingine likapewa aina moja bila kujali wayo. Matokeo yaliyochapishwa 2009 na 2010 yalionyesha kwamba majeraha hayakupungua kwa maana yoyote. Alama ya maji itakufahamisha mguu wako, lakini isikuchagulie kiatu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni starehe: raba isiyokubana wala kukukwaruza tangu dakika ya kwanza.

Jambo linalosahaulika ni upana. Aliyekulia akitembea pekupeku mara nyingi ana vidole vilivyotawanyika, na raba nyingi za kiwandani zimebana mbele. Kidole kidogo kikilala juu ya mwenzake, acha raba hiyo hata kama bei ni ya kutupa.

Je, kukimbia pekupeku? Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa amevaa. Mtoto aliyezoea anaweza kukimbia pekupeku kwenye uwanja laini uliofagiliwa. Mtu mzima aliyezoea viatu aanze taratibu, la sivyo mashavu ya miguu na kano ya kisigino vitamlaza. Mwenye kisukari asijaribu: ganzi humfanya asisikie mwiba, na kidonda kidogo kwake ni hatari kubwa.

Ukiwa gulioni

Nenda alasiri, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Usitegemee namba, kwani namba za Uingereza, Marekani na Ulaya hazilingani. Nyumbani simama juu ya karatasi, piga mstari nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu, pima sentimita, ongeza moja. Raba nyingi zimeandikwa sentimita ndani ya ulimi.

Raba za mtumba zikague kwa vidole. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ubavuni, imekwisha, hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikwisha kuipinda kwa mwendo wake. Raba mpya kwa kawaida hudumu kilomita 500 hadi 800, na ya mtumba imeshatumia sehemu ya hizo.

Kama fedha inatosha jozi moja tu, mkazi wa Mamboya achukue yenye meno mafupi yaliyoachana, mbele pana, kitambaa chenye matundu na sponji ya wastani. Itamfaa vilimani, na kwenye lami haitamwangusha. Siku mbuga imejaa maji, aiache ikauke naye apumzike.