Kano ya Kisigino: Maumivu Yanayotibiwa kwa Mazoezi na Mkatiko Usiosubiri

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri za Jumamosi, vikundi vya jogingi hujaza barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na kila mwaka maelfu ya wakimbiaji hukusanyika Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Mbio zina manufaa makubwa kwa moyo na shinikizo la damu. Lakini zina pia jeraha moja ambalo wengi hulipuuza hadi linapowasimamisha kabisa, nalo ni jeraha la kano ya kisigino, inayojulikana kitabibu kama kano ya Akilesi.

Kano hiyo ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Huunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na katika kila hatua ya mbio hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Hata hivyo, sehemu yake iliyo sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino hupata damu kidogo, na matatizo mengi huanzia hapo.

Mara nyingi maumivu huja polepole. Mtu huamka akichechemea hatua za kwanza, hupata nafuu mwili ukipata joto, kisha jioni maumivu hurejea. Ukimhoji vizuri, utakuta aliongeza mzigo ghafla: alizoea kilomita 10 kwa wiki, akaruka hadi 30 kwa kuwa mashindano yamekaribia, au alihamia njia za milima bila maandalizi.

Mazoea yetu ni kukanda kwa maji ya moto, kuchua kwa dawa na kulala wiki mbili. Mapumziko hutuliza maumivu, lakini hayaiongezei kano nguvu. Isipotumika, hudhoofika zaidi. Ndiyo maana mkimbiaji akirudi barabarani maumivu humkuta palepale alipoyaacha.

Mtazamo wa madaktari ulibadilika mwaka 1998, pale Dkt. Håkan Alfredson wa Umeå, nchini Sweden, alipochapisha matokeo ya mazoezi aliyowapa wakimbiaji 15 wenye maumivu ya muda mrefu. Wote walirejea kwenye mbio. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliugua kano, akaomba apasuliwe, akakataliwa. Akaamua kuilazimisha kazi hadi ikatike ili asinyimwe tena upasuaji. Badala ya kukatika, ikapona.

Mazoezi hayo hayahitaji kifaa chochote zaidi ya ngazi. Mgonjwa husimama ukingoni kwa sehemu ya mbele ya nyayo, hujiinua kwa mguu mzima, kisha huhamishia uzito kwenye mguu unaouma na kushusha kisigino taratibu hadi chini ya usawa wa ngazi. Hufanya hivyo mara 15 kwa awamu tatu goti likiwa limenyooka, na awamu nyingine tatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Hiyo ni mara 180 kwa siku, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wiki ya tatu. Tafiti za baadaye hazikupata mafanikio kamili kiasi kile, lakini kuipa kano mzigo kwa mpangilio bado ndiyo tiba ya kwanza. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi. Anayeumwa pale kano inaposhikana na mfupa hapaswi kushusha kisigino chini ya usawa wa ngazi.

Tahadhari nyingine inahusu dawa. Sindano ya steroidi ndani ya kano yaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Vivyo hivyo, antibayotiki za kundi la ciprofloxacin zimehusishwa na kukatika kwa kano, hasa kwa wenye umri unaozidi miaka 60 na wanaotumia steroidi.

Kukatika ni jambo jingine kabisa. Machi 2010, David Beckham, akiichezea AC Milan, alikatika kano bila kuguswa na mtu, akakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Wengi husikia mlio na kudhani wamepigwa teke kwa nyuma. Kinachopotosha ni kwamba baadhi huweza bado kutembea, wakaambiwa wameteguka tu. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa hulala kifudifudi, daktari hubinya shavu la mguu; unyayo usipocheza, kano inadhaniwa imekatika.

Hapo hospitali ni ya siku hiyohiyo. Zikipita wiki nne hadi sita, ncha za kano huwa zimeachana na matibabu huwa magumu. Si lazima kila mtu apasuliwe: utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa 526, haukuona tofauti ya utendaji wa mguu baada ya mwaka mmoja kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Wasiopasuliwa walikatika tena kwa asilimia 6.2, ikilinganishwa na asilimia 0.6 ya waliopasuliwa, ilhali upasuaji uliongeza hatari ya kuumia kwa mishipa ya fahamu. Kwa njia yoyote, kurudi kwenye mbio huchukua miezi sita hadi 12, na mtaalamu wa fiziotherapia humruhusu mgonjwa baada ya kumwona akiinua kisigino kwa mguu ule mmoja, mara nyingi mfululizo, bila kuyumba.